Uliza Fundi: Datsun 240Z yenye injini ya Mark II, nichukue?

SWALI: Fundi salaam aleikum. Niko Mombasa. Kuna mzee hapa Nyali anauza Datsun 240Z ya 1972, ile ya pua ndefu milango miwili. Bodi inang'aa, lakini ndani imetiwa injini ya 1JZ ya Toyota Mark II, ile isiyo na tabo, na giaboksi ya manyuali. Anasema injini ya kwanza ilikufa kitambo. Nimeiendesha mpaka Mtwapa na kurudi, inavuta vibaya sana, roho ishaenda. Waifu anasema nimerukwa na akili. Nichukue ama niwache?
– Roho Ishaenda, Mombasa

JIBU: Waaleikum salaam. Roho yako naielewa bana, hiyo gari ndo ilichukua Safari Rally 1971 na Herrmann na Schüller, halafu 1973 tena na Shekhar Mehta na Lofty Drews, na mwaka huo Mehta alilingana pointi na Källström aliyekuwa ndani ya Datsun nyingine ikabidi kanuni ndo iwatenganishe. Mkenya wa rika langu akiona ile pua anasikia vumbi la rali. Wauzaji nao wanajua, vumbi hilo wameshalipigia hesabu kwenye bei.

Injini yenyewe sina neno nayo. L24, ile injini ya kuzaliwa nayo, ni sisi (cc) 2393 na kabureta mbili, 1JZ ni sisi 2492, zote silinda 6 zimepangwa mstari mmoja, na spea za 1JZ ukienda Kirinyaga Road kule Nairobi unachagua. Kinachonitia wasiwasi ni yule aliyeiingiza. Gari iliyobadilishwa injini unanunua mkono wa fundi usiyemjua.

Mimi yalinikuta. Nilinunua gari ya namna hiyo miaka hiyo, injini tamu kama asali, nikafika karibu na Mtito Andei usiku taa zote zikazima pamoja na injini. Kufungua chini ya dashibodi na tochi ya simu nakuta waya za kompyuta ya injini, za taa na za honi zimefungwa fungu moja na selotepu, ile ya karatasi, ya kufungia zawadi!! Zote zinapita kwa fyuzi moja. Aliyefanya kazi simu hapokei mpaka leo. Wairingi ikarudiwa yote na ikanila pesa kuliko injini. Kwa hivyo wewe kabla hujaongea bei lala chali chini ya dashibodi, waya zikiwa zimefungwa vizuri na kila kitu kina fyuzi yake, huyo fundi nusu umeshamjua.

Halafu mwambie mzee hutaki tena Mtwapa na upepo wa bahari. Muipeleke foleni ya Changamwe saa nane mchana, iwake imesimama dakika 20, uone kama feni inapiga na rediata inahimili. Na usiamini mshale wa temperecha bila kuuliza, maana geji ni ya Datsun na sensa ni ya Toyota, haziongei lugha moja, mafundi wengi huuwacha tu umelala pale kama pambo.

Mafuta pia angalia. L24 ilikuwa na pampu ndogo ya kusukumwa na injini, presha kidogo tu, lakini 1JZ ni EFI, yaani mafuta yanapuliziwa kwa umeme bila kabureta, inataka pampu ya umeme na laini ya kurudisha mafuta tangini. Ukikuta mipira ya zamani ya kabureta ndo inabeba presha ya EFI, hiyo siku moja itapasuka juu ya egzosi ya moto, usiirudishe hata nyumbani kwa kuendesha.

Breki zake za kuzaliwa ni disiki nyembamba mbele na dram nyuma, ziliwekewa injini iliyoandikwa nguvu za farasi 151, na 1JZ hiyo ni 180 mpaka 200 kulingana na toleo. Watu wa Z hupenda kutia mbele kaliper za Hilux ya zamani ya fo-wili, zinaingia bila makelele mengi. Ukizikuta, fundi alikuwa na akili. Ukikuta za 1972, kata bei.

Kutu sasa, na wewe uko baharini. Beba sumaku, ikikataa kushika hapo ni puti. Chokonoa chini ya betri, sakafu, na zile reli mbili zinazopita chini ya miguu. Rangi inayong'aa isikudanganye, reli zikiwa zimeoza funga boneti mwambie mzee asante kwa chai.

Karatasi: namba ya chesisi inaanza na HS30, imegongwa kwenye ukuta wa nyuma ya injini, ilingane na logibuku. Na namba ya injini kwenye logibuku iwe ya hii 1JZ. Kama bado inasoma L24, mzee mwenyewe aende NTSA, mamlaka ya usafiri ya Kenya, abadilishe kabla hujalipa, na bima uwaambie wazi injini si ya kwanza, usije ukagonga ndo wakagundua.

Hiyo L24 "iliyokufa" nayo uliza iko wapi. Hata kama imefunikwa turubai nyuma ya kuku, iingie kwenye mapatano, maana Z yenye injini yake ya kiwandani kando ina thamani nyingine kabisa. Yote yakipita, chukua. Waifu mpe aendeshe yeye kurudi.

SWALI: Mjomba wangu yuko Birmingham, anauziwa MGB, ile spoti ya Kiingereza, ya wazi ya 1974 yenye V8 (injini ya silinda 8), muuzaji anasema V8 ni ya kiwandani. Kweli?
– Mpwa, Tanga

JIBU: Hapana. MG waliuza V8 hiyo kuanzia 1973 mpaka 1976, gari 2591, na zote ni GT, yaani za paa. Ya wazi ilikuja miaka ya 90 na inaitwa RV8, gari tofauti. Kwa hiyo ya mjomba imetiwa V8 na mtu, ambayo si dhambi, ile V8, iliyotengenezwa na Rover, ni ya alumini haizidi sana uzito wa injini ya kwanza. Ila mjomba alipe bei ya gari iliyobadilishwa, na huyo muuzaji amkague mara mbili kuliko anavyoikagua gari.