Sura ya Theluji Usiiruke: Kujifunza Kupiga Picha kwa Vitabu vya Maktaba

Wanafunzi huniuliza walipie kozi gani ya upigaji picha, na wengine wanauliza wakati bando lao limebaki la kutuma meseji tu. Jibu langu halibadiliki: nenda maktaba ya mkoa, au ile ya chuo chako, utafute rafu ya namba 770, ya vitabu vya upigaji picha. Ndiko nilikojifunzia mimi nikiwa mwanafunzi hapa Mwanza, sina kamera yangu, nikitegemea vitabu ambavyo vingi viliandikwa enzi za filamu.

Ukitaja filamu watu wanakunja uso. Lakini mwandishi wa enzi zile alijua msomaji wake ana picha 36 kwenye mkanda, na zote atazilipia kusafishwa. Kwa hiyo alijitahidi kukueleza sababu kabla hujabonyeza. Video nyingi za siku hizi zinakuzungusha kwenye menyu za kamera usiyonayo.

Maktaba zetu nyingi hupanga vitabu kwa mfumo wa Dewey, hivyo namba zitakuongoza. 771 ni vifaa. Pita haraka, maana kemikali za chumba cha giza hazina kazi gheto. 778 ni aina mbalimbali za upigaji picha, 779 ni vitabu vya picha zenyewe. Hata vikiwa vitatu tu, vinatosha kuanzia. Vikiisha, rudi nyuma hadi 750 kwa wachoraji. Wale walihangaika na mwanga wa dirishani karne nyingi kabla kamera haijazaliwa.

Vitabu hivyo vingi vimeandikwa na watu wa Ulaya na Marekani, na humo utakutana na sura ya kupiga picha kwenye theluji. Msomaji wa Nyegezi, hapa Mwanza, anaifungua, anacheka, anaruka. Mimi nasema isome mara mbili.

Kipima mwanga cha kamera hakijui kinatazama nini. Kimetengenezwa kikiamini kwamba ukichanganya vyeupe na vyeusi vyote vilivyo mbele yake utapata kijivu cha kati, kile kinachorudisha karibu asilimia 18 ya mwanga. Kielekeze kwenye theluji: kinadhani mwanga umezidi, kinapunguza, na theluji inatoka rangi ya majivu. Dawa inayoandikwa vitabuni ni kuongeza stopu moja hadi mbili, na kila stopu ni kuuzidisha mwanga mara mbili. Sasa toa theluji, weka dagaa walioanikwa mchangani jua likiwaka. Hesabu ni ile ile. Weka bati jipya la nyumba ya mlimani Mabatini. Weka ziwa linalometa saa tisa alasiri. Na ukikutana na gunia la mkaa lililojaa fremu nzima, geuza: punguza, la sivyo mkaa utatoka umepauka.

Hapo ndipo utaelewa kwa nini rafiki yako uliyempiga picha amelipa ziwa mgongo ametoka kivuli kitupu. Ngozi yetu nyeusi, nyuma yake maji yanang'aa, kamera inayaamini maji. Kwenye simu, gusa uso wake kwenye kioo halafu vuta mwanga juu kwa kidole. Kwenye kamera ongeza stopu moja, tazama, ongeza tena ikibidi. Au mgeuze asimame mahali penye kivuli, mwenzako akashika kiroba cheupe kurudisha mwanga usoni. Vitabu vya zamani vitakuambia ununue kiakisi maalumu. Kiroba kinatosha.

Kwa hiyo, sababu utaichukua kama ilivyo, mfano utaubadilisha. Na kuna mahali ambapo hata maelekezo yenyewe lazima uyapime upya. Kitabu kitasema tafuta dirisha linalotazama kaskazini, mwanga wake ni laini. Kwao ni kweli, kwa sababu jua lao la mchana daima linapita kusini. Sisi tuko kama nyuzi 2.5 tu kusini mwa ikweta. Kuanzia mwishoni mwa Septemba hadi katikati ya Machi jua linapita kusini kwetu, na dirisha la kaskazini linafaa. Miezi mingine linapita kaskazini, basi hamia dirisha la kusini.

Habari ya mwanga wa jioni ndiyo inayowaponza wengi. Kitabu kinasifu jioni ndefu za kiangazi chao, wewe unakaa kula muhogo kivukoni Kamanga ukidhani una muda. Jua letu linashuka karibu wima. Nyoosha mkono, weka ngumi kati ya jua na upeo wa ziwa: ngumi moja ni takriban nyuzi 10, yaani kama dakika 40. Anza kujipanga jua likiwa ngumi mbili juu. Mwamba wa Bismarck, ule ulioko ziwani, jioni utakupa umbo jeusi mbele ya anga, jambo zuri, ila kila mtu anayo picha hiyo. Asubuhi jua hutokea upande wa mjini, na mwamba unaonekana mikunjo yake.

Siku ambazo huna kamera ya kuazima, kaa na vitabu vya 779. Ziba maelezo kwa karatasi, tazama kivuli cha pua na nukta nyeupe ndani ya macho, ukisie mwanga umetoka wapi na chanzo chake kilikuwa kikubwa au kidogo. Kisha uchore kwa penseli kwenye kaunta buku. Mchoro mbaya hauna shida, nia ni kulizoesha jicho. Kazi hii ilinifaa kuliko sura zote za lenzi.

Jambo moja vitabu vyangu vililipita kwa sentensi mbili tu: watu. Soko la samaki la Mwaloni Kirumba huingii na kamera mbele kama bunduki. Unaanza na "Shikamoo mama", unaitikiwa, unauliza biashara, unaeleza wewe ni mwanafunzi na picha ni ya nini. Akikataa, umekatazwa. Akikubali, mpelekee nakala iliyosafishwa. Safari inayofuata yeye ndiye atakayekutambulisha kwa wenzake. Maeneo ya jeshi na ya ulinzi usiyaguse kabisa.

Wa simu, jueni kwamba tundu la lenzi kwenye simu nyingi halibadiliki, hivyo mazoezi ya f/2 hadi f/16 (vipimo vya ukubwa wa tundu hilo) hayatawezekana. Shata, yaani muda ambao kamera inapokea mwanga, mnaweza kuijaribu kama simu ina hali ya kujipangia mwenyewe: 1/500 ya sekunde kuugandisha mtumbwi unaopita, 1/30 kuyafanya maji yaonekane yanakwenda. Mengine subirini kamera ya rafiki.

Bumu, ile pesa ya mkopo wa chuo, likiingia, usikimbilie kamera mpya. Ukipata mwili wa kamera wa mtumba unaofanya kazi, ongeza lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8. Ni miongoni mwa lenzi za bei nafuu, inapitisha mwanga mwingi ndani ya chumba chenye giza, na inafaa kwa nyuso. Kabla ya kulipa, imulike kwa tochi ya simu kutoka upande wa nyuma. Ukiona nyuzinyuzi kama utando ndani ya kioo, hiyo ni kuvu, mrudishie muuzaji.