Barua kwa mwanangu: Karakana yenu na ndege ya Sikorsky

Mwanangu mpenzi,

Barua yako imefika, nasi huku hatujambo. Umeniuliza kama usubiri mtaji utoshe ndipo ufungue karakana na wenzako wawili mliopunguzwa kazi pamoja. Swali hilo limenikumbusha Igor Sikorsky, yule mhandisi wa ndege na helikopta niliyekuwa nikiwasimulia wanafunzi wangu wa fizikia.

Alizaliwa Kyiv, wakati huo ikiwa chini ya Urusi, mwaka 1889. Helikopta yake ya kwanza, ya 1909, haikuinuka. Ya pili ilijiinua yenyewe, mtu ikashindwa kumbeba. Akageukia ndege za mabawa. Siku moja injini ikamzimikia angani, akatua kwa shida, na alipokagua kabureta akakuta mbu ameziba njia ya petroli. Mbu mmoja, mwanangu! Tangu hapo akataka ndege yenye injini zaidi ya moja, na mwaka 1913 akarusha ya injini nne.

Mapinduzi ya Urusi yakamng'oa kwao. Alipofika New York mwaka 1919 vita vimekwisha, ndege hazina soko, akawa anafundisha hesabu wahamiaji wenzake. Mwaka 1923 akaanzisha kampuni kwenye shamba la kuku la rafiki yake, huko Long Island karibu na New York. Vyuma vingine waliokota kwenye skrepa. Mpiga piano Sergei Rachmaninoff akanunua hisa za dola 5,000.

Hapa usome polepole. Mei 1924 ndege yao ya kwanza ilikuwa na injini za mitumba zisizo na nguvu ya kutosha. Wenzake walioiunda kwa jasho wakajipakia ndani wote, naye, akijua uzito umezidi, akaona haya kuwashusha. Ikaangukia kwenye uwanja wa gofu. Ikabidi awakusanye wenye hisa, awaeleze hali ilivyo, afunge mlango mpaka wachange dola 2,500 nyingine. Septemba, kwa injini mpya, ikaruka vizuri.

Kwa mtaji sikuhofii sana. Nakuhofia kwa huruma uliyorithi kwa baba yako. Mwenzako akitaka kumwingiza shemeji yake asiyejua hata kushika spana, utaweza kumwambia hapana?

Njoo Jumamosi na daftari la hesabu. Fedha za korosho nimeziweka, ila kwanza nataka kuona majina ya mtakaoanza nao.

Mama yako