Wale niliosoma nao Bagamoyo

Ngamiani, Tanga

Mwanangu,

Assalaam aleikum. Ujumbe wako ulinifikia Alhamisi usiku. Najua umeona nimeusoma kisha nikanyamaza. Usikasirike. Swali kama lile halijibiwi kwa kidole kimoja kwenye simu, na mimi sina zaidi ya hicho kimoja. Nimeamua kuandika kwa kalamu, mjukuu wa jirani atapiga picha kurasa akutumie.

Unasema binti yako amemaliza kidato cha sita, matokeo mazuri, na badala ya uuguzi mliopatana anataka kwenda Bagamoyo kusoma ngoma na muziki. Mkwe wangu hataki hata kusikia. Nawe ukaniuliza: "Mama, hao wazee wanaokupigia simu kila Ijumaa, uliosoma nao kule, wameishia wapi? Niambie kweli, usinipambie."

Sikupambii. Lakini nivumilie nianzie nyuma, maana ukisikia walipo leo bila kujua walikotoka, utadhani nakusomea orodha ya wagonjwa wa presha.

Chuo cha Sanaa kilianza mwaka 1981. Kabla ya hapo serikali ilikuwa na vikundi vyake vya taifa, cha ngoma, cha maigizo na cha sarakasi. Vilivunjwa, na baadhi ya wasanii wake ndio wakawa walimu wetu. Mimi niliingia katika miaka ile ile ya mwanzo. Wenzangu walitoka Songea na mganda na lizombe, Mtwara na sindimba, Usukumani na bugobogobo, Pemba na msewe, na kila mmoja aliamini ngoma ni ya kwao, za wengine kelele tu. Mimi nilikwenda na mdumange niliofundishwa na bibi yako Usambaani, basi. Sindimba ilinishinda. Mwalimu wetu, mama wa Kimakonde, hakugomba wala hakusifu. Aliwaambia wapigaji wasiache kupiga mpaka kiuno changu kielewe, na wapigaji wale mikono iliwauma kwa ajili yangu. Mmoja wao bado ananidai.

Babu yako, Mungu amrehemu, alikuwa reli hapa Tanga. Majirani wakimuuliza, alijibu binti yake yuko Bagamoyo anasomea ualimu. Ndiyo, mwanangu, mkwe wangu si wa kwanza kuona haya.

Kufika kwenyewe ilikuwa kazi. Ukitazama ramani, Tanga na Bagamoyo ni pwani moja, lakini lami ya kutoka Msata kwenda Bagamoyo haikuwapo. Ulikwenda Segera, Chalinze, ukafika Dar es Salaam, ukalala kwa ndugu, kisha ukaanza kurudi kaskazini kwa barabara ya vumbi ambayo mvua ikinyesha lori linakwama na abiria mnageuka wasukumaji. Nilikuwa nabeba furushi la katani kutoka mashamba ya mkonge ya kwetu, tunazichana na kufuma sketi za kuchezea. Wenzangu walinipenda kwa katani ile kuliko kwa uchezaji wangu.

Katani ilikuwa na sababu. Vita vya Kagera vilikwisha mwaka 1979, Mwalimu Nyerere akaomba tufunge mkanda miezi 18, na miezi ile ikazaa mingine. Sukari kwa foleni, sabuni kwa foleni, khanga ya kuchezea ukiipata unaiazima mpaka ichakae. Kwa hiyo tulijifunza kutengeneza. Kuwamba ngoma, kuchonga, kufunga njuga, kushona. Jioni tulikusanya makuti makavu, tukawasha moto na kupasha ngozi za ngoma mpaka zikaze na kutoa mlio unaotakiwa. Ukizidisha moto ngozi inapasuka, na ukipasua usiku ule hukosi jina. Mpaka leo kuna mzee wa miaka sitini na zaidi, ana wajukuu, sisi tunamwita Mpasuaji.

Na pale alikuwapo Mzee Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma, na zeze lake na ilimba, kile chombo cha vijiti vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba. Angeimba chini kabisa, kisha akapanda juu mpaka ukageuka kumtafuta mwanamke aliyeingia. Baadaye alirekodi Uingereza na jina lake likafika mbali. Alifariki Desemba 2003, na ukoo wake unaendelea kupiga. Binti yako akitaka kujua kwa nini watu walizima taa za chumbani wakakaa barazani kusikiliza mtu mmoja na nyuzi zake, aje nimweleze mwenyewe. Kwenye karatasi siwezi.

Haya, sasa walipo.

Mpiga mganda wetu wa Songea alikwenda kufundisha shule ya msingi. Maisha yake yote ya kazi alipeleka watoto kwenye UMITASHUMTA, yale mashindano ya shule za msingi, na kwaya zake zilishinda mara nyingi, sijui ngapi, yeye anajua na atakwambia hata hujamuuliza. Amestaafu, kapata kiinua mgongo, kajenga, analima mahindi. Ndiye anayelalamika kuliko wote. Pensheni ndogo, mbolea ghali, kijana wake wa mwisho hataki kuoa. Tunamwacha amalize.

Rafiki yangu wa Masasi ndiye aliyekuwa mchezaji bora kutupita sote. Walimu walijua, sisi tulijua. Aliingia vikundi vya Dar es Salaam, enzi zile kikundi cha Muungano kilipokuwa kikitamba na baadaye kingine, TOT, kikaja mwaka 1992, mashabiki wamegawanyika kama wa Simba na Yanga. Usiku mmoja ulikuwa na ngoma, sarakasi, kichekesho na taarabu, na watu wanajaa ukumbi mpaka alfajiri. Kisha televisheni zikaja Bara mwaka 1994, watu wakaanza kubaki majumbani, kumbi zikapungua. Akahamia kucheza kwa watalii katika hoteli moja ya ufukweni. Akawa analipwa kwa usiku. Akiumwa, hakuna usiku, hakuna hela. Hakuwahi kusaini karatasi wala kukatwa senti ya mfuko wa hifadhi ya jamii. Leo magoti yamekwisha yote mawili, anatembea kwa mkongojo, na sisi wenzake tunamchangia dawa. Akipiga simu hasemi magoti. Anauliza nani kafunga ndoa, nani kazaliwa, na anacheka kwa sauti ile ile ya bwenini. Huyo ndiye anayemwogopesha mkwe wangu hata kama hajamwona, na ana haki ya kuogopa.

Kijana wetu wa sarakasi alikwenda Uswidi. Chuo kilikuwa na uhusiano wa miaka mingi na watu wa kule, wanakuja, wanakwenda, naye akaenda akabaki. Anafundisha watoto viungo na ngoma. Wajukuu zake wanapiga vizuri, anatutumia video, lakini Kiswahili chao ni "jambo" na "chakula". Mwaka jana alituomba maneno ya wimbo mmoja wa kuvunia tuliouimba mwaka wa pili, ubeti wa pili umempotea. Tukaanza kumwimbia, kila mmoja kwa simu yake. Mwanangu, zilitoka beti nne tofauti na kila mwenye wake anaapa! Ugomvi ulidumu wiki.

Aliyeumaliza ni sheikh. Tulikuwa na mpigaji wa Lindi, mikono myepesi, aliyekuja kuacha mambo yote hayo. Anafundisha madrasa, anaheshimika. Anatupigia, anajulia hali, anatuombea dua, ila ameshatuambia tusimtajie ngoma. Tunamheshimu. Basi ugomvi ulipomfikia, alinyamaza, kisha akausema ubeti ule wote, neno kwa neno, bila kuuimba, akaongeza kwamba mpigo wa pale hubadilika. Halafu akaaga. Hatukumtania. Mpasuaji alitaka, tukamzuia.

Wapo tusiopigiana nao tena. Ule ugonjwa wa miaka ya tisini ulituchukulia wengi, na wasanii waliokuwa wakisafiri kila wiki ndio uliwapiga sana. Katika picha yetu ya mahafali, ukiweka kidole juu ya waliotangulia, sura zilizobaki ni chache kuliko zilizofunikwa. Umesema usipambiwe.

Na mimi unanijua. Afisa Utamaduni wa wilaya, ofisi yenye meza na kabati, na kasma ya utamaduni ambayo kila mwaka ilikuwa ya mwisho kukumbukwa na ya kwanza kukatwa. Nilizunguka vijijini kwa baiskeli na kwa malori kusikiliza wazee wa selo kule Handeni na wa mdumange huko Lushoto, nikiandika majina na nyimbo zao kwenye madaftari. Mshahara haukuwa wa kujisifu, lakini ulikuja mwisho wa mwezi. Ada zako zilitoka humo. Kwa hiyo wewe mwenyewe, na digrii yako ya uhasibu, umesomeshwa na sindimba iliyonishinda.

Sasa jibu. Muache aende.

Nilipowapanga wenzangu kichwani, wa Songea huku, wa Masasi kule, sikuona kwamba sanaa ndiyo iliyomwangusha yeyote. Wa Masasi alikuwa na sanaa kutuzidi. Alichokosa ni mkataba. Wakati wetu hakuna aliyetufundisha kusoma makubaliano, tulifundishwa kucheza, na tulidhani anayecheza vizuri atalipwa vizuri. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilitoka mwaka 1999, COSOTA inayosimamia haki hizo ikafuata, sisi tayari nywele zinabadilika. Binti yako atazikuta zote mbili. Wewe ni mhasibu. Mfundishe, kabla hajapanda gari, kwamba hachezi popote bila karatasi, na kwamba hela ya kwanza atakayolipwa, sehemu yake iende kwenye mfuko wa hifadhi hata kama ni ndogo ya kuchekesha. Hilo hatafundishwa na mpiga ngoma. Na apate njia ya pili ndani ya fani hiyo hiyo: ufundishaji, au sauti na taa za jukwaa, kitu ambacho magoti hayahusiki.

Chuo chenyewe si kile chetu. Tangu mwaka 2007 kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, TaSUBa, kinatoa astashahada na stashahada zinazotambuliwa, siyo kile cheti ambacho babu yako alikigeuzageuza akitafuta neno "ualimu". Ukumbi wetu uliungua mwaka 2002, tulilia kwa simu za mezani, lakini uliojengwa baadaye ni mkubwa kweli kweli.

Kuhusu hofu ya uhuni. Mkwe wangu namheshimu na nisingependa asome mstari huu, ila najua utamsomea. Mwambie uhuni haufundishwi Bagamoyo. Anayeutaka ataupata hata katika chuo cha uuguzi, tena na sare juu. Sisi tulikuwa tunaamka alfajiri kwa mazoezi na kulala tumechoka mno hata kwa dhambi.

Na akienda akaona hapawezi, atarudi, atasoma uuguzi akiwa na umri mkubwa kidogo na mgongo ulionyooka. Akizuiliwa, atasoma uuguzi akiwa amenuna. Mimi nisingependa kuchomwa sindano na muuguzi aliyenuna.

Kuna jambo jingine, nalo si jibu la swali lako ila limekuja. Uliniuliza siku moja tunaongea nini kila Ijumaa, watu wasioonana. Tunaongea vipimo vya sukari, bei ya nauli, nani kalazwa. Kisha mmoja anaanza kupiga meza kwa vidole, huko aliko, na wengine tunajua ni ngoma gani kabla hajamaliza mzunguko wa kwanza. Tunadakia. Mumeo akitaka kujua nilipata nini kule mbali na mshahara, mwambie asikilize mlangoni kwangu Ijumaa baada ya Alasiri.

Mwaka huu tumekubaliana kukutana Bagamoyo wakati wa Tamasha, wale tunaoweza kusafiri. Wa Masasi tunamchangia nauli na mtu wa kumsindikiza. Sheikh amesema atakuja Bagamoyo kwa shughuli zake, na kama shughuli zitaangukia siku hizo, basi. Mlete binti. Asikae na sisi kwa heshima, akae na wa Masasi peke yake, amuulize yote, naye hatamficha. Kisha aende kwa wa Songea asikilize malalamiko ya mtu mwenye pensheni. Baada ya hapo achague.

Safari siku hizi rahisi. Mkitoka Dodoma mpite Chalinze, mkunje Msata, lami mpaka Bagamoyo, msiingie Dar es Salaam kabisa. Mniletee ile dawa ya kuchua ya kopo la kijani, hapa Tanga imeadimika. Mkwe wangu naye aje, nasikia anapenda pweza, na pale ufukweni wanamchoma vizuri. Nauli ya kuja ajilipie, ya kurudi nitamlipia mimi, akiwa bado amekasirika nitamlipia na chakula cha njiani.

Wasalimie wote.

Mama yako