Barua kwa mwanangu: Ulikuwa nani kwake

Mwanangu,

Wa alaykum salaam. Ujumbe wako nimeusoma baada ya alasiri, mlango nimeurudishia. Unauliza juu ya yule mvulana mwenzio aliyeuawa: "Mama, mimi nilikuwa nani kwake hata nimlilie mpaka leo? Si tulikuwa watoto wa sekondari tu?"

Ulikuwa mpenzi wake. Naliandika wazi usije ukasema mama kazungukazunguka. Mtu haendeshi baiskeli kutoka Raskazone mpaka kwetu Ngamiani, hapa Tanga, jua la saa nane, kuja kuazima daftari, kisha akaondoka bila daftari. Siku mnyororo wa baiskeli yako ulipokatika alikaa pale barazani akaufunga, mikono imejaa grisi, nawe ukawa unamlisha embe kipande kwa kipande maana yeye hawezi kushika. Mie nilikuwa nachagua mchele. Niliona, nikaendelea kuchagua mchele. (Ya haramu na halali hukuniuliza, nami siyaanzi.)

Waliompiga usiku ule, huku wakimwita jina lile, mtaa mzima uliwajua. Kesi haikufika popote. Shahidi angeulizwa kwanza yeye na marehemu walikuwa na lipi, na kwa kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, kinachoadhibu kuingiliana kinyume cha maumbile, jibu lingeweza kumgeuza shahidi kuwa mshtakiwa. Adhabu yake unaijua, miaka 30 mpaka maisha. Basi lile la kutokwenda kituoni litoe moyoni.

Kinachokusumbua, nionavyo, ni kwamba msiba ule hukuukalia. Baba yake alikaa nje akipokea mikono ya watu. Mama yake tulikuwa naye ndani, tumemshika. Kaka zake walishuka kaburini kumpokea. Wewe ulisimama nyuma na wanafunzi wenzio, ukatupa mchanga mara tatu kama jirani yeyote, na Jumatatu ukaingia kwenye mtihani. Hata binamu wa mbali aliyekuja kwa basi alipewa pole na sahani ya wali. Wewe nani alikupa pole?

Mwaka 2011 nilisikia redioni habari za mazishi ya David Kato kule Uganda, yule mtetezi wa haki za mashoga aliyeuawa kwa kupigwa nyundo. Mchungaji akageuza mazishi kuwa mahubiri ya kuwalaani, wanakijiji wakakataa kumzika, marafiki zake ndio wakabeba jeneza. Iliniuma sana. Lakini kwa ajili yako niliwaonea wivu wale marafiki, kwa kuwa wao walibeba.

Na huyo Matthew Shepard uliyemtaja, mwanafunzi shoga wa Wyoming kule Marekani, aliyepigwa akaachwa amefungwa kwenye uzio, akafariki tarehe 12 Oktoba 1998. Wazazi wake walikaa na majivu yake miaka 20 wakihofia watu watakwenda kuharibu kaburi, mpaka 2018 yakahifadhiwa katika kanisa kuu la Washington. Kuchoma maiti sisi hatuna, ila hofu ile naijua. Wale ni wazazi, walilia mbele ya dunia nzima, na bado iliwachukua miaka 20. Wewe uliyelilia kwenye mto usiku unashangaa nini?

Pole, mwanangu. Pole kwa kufiwa.

Sasa njoo. Tutakaa siku tatu, mimi, wewe na dada yako, tumsomee khitma wenyewe. Maalimu simwiti, maswali yatakuwa mengi. Ya nne tutakwenda makaburini asubuhi, kisha, ukijisikia, tumpitie mama yake. Hajambo, ila macho yamepungua. Kila Idi huniuliza, "Yule rafiki wa mwanangu yuko wapi siku hizi?" Anachojua zaidi ya hapo sijamuuliza, na wewe usimlazimishe.

Omba ruhusa kazini useme umefiwa, si uongo. Nauli nimekutumia kwenye simu. Basi la usiku usipande.

Mama yako