Mume wangu na mabati ya jiko: niyataje?

SWALI: Habari za kazi. Mwezi ujao unatimia mwaka tangu baba watoto atutoke, na tutakuwa na ibada ya shukrani hapa nyumbani Machame. Wasifu wa siku ya mazishi uliandikwa usiku haraka haraka, kwa hiyo wanangu wameuandika upya: alizaliwa 1951, fundi mitambo kiwanda cha sukari, akastaafu, mzee wa kanisa vipindi vitatu, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu saba. Hakuna uongo humo. Lakini waliponisomea nikajiuliza, huyu ni nani?

Mimi niliyeishi naye miaka 43 namjua mtu aliyetembea na misumari. Jumapili alivaa koti lake la kijivu, na mfuko wa kushoto ulikuwa na misumari ya inchi mbili, maana kanisani hakukosi benchi lililolegea. Nikifua bila kukagua, kutu inashika mpaka mashuka. Mnadani baada ya ibada yeye ndiye alikuwa mnadishaji. Siku moja mtoto wa shule ya Jumapili alileta yai moja, limefungwa kwenye kitambaa. Watu wakacheka. Yeye akalinyanyua kwa mikono miwili kama anaonyesha ng'ombe: "Mia tano ninayo, nani ana elfu?" Aliyenunua akalirudisha linadiwe tena, likazunguka hivyo mara nne, likaingiza shilingi 18,000, mwisho akapewa mtoto mwenyewe. Alienda nalo nyumbani akinyata.

Ila alinikosea pia. Tulinunua mabati ishirini ya jiko langu kwa pesa za kahawa. Nikaenda kumuuguza mama yangu. Narudi, mabati yako juu ya darasa la watoto kanisani. "Nimeyaazimisha tu," akasema. Misimu miwili ya mvua nilipika sufuria nimeifunika ungo na kichwani nina kiroba. Nilimnunia hasa. Wanangu wanasema nisithubutu kulitaja hilo, ni kumwaibisha marehemu. Niseme au ninyamaze?

Mama wa Watatu, Machame

JIBU: Shikamoo mama, na pole. Mwaka mmoja ni jana tu.

Yataje. Tena uyataje kwa hesabu yake: mabati ishirini, pesa za kahawa, mvua mbili, ungo na kiroba. Ukisema tu kwamba alikuwa na moyo wa kujitolea, kila aliyekufa huku kwetu aliambiwa hivyo. Waliokaa darasani wakavu miaka ile, leo ni watu wazima na watakuwa wamekaa hapo uani kwako. Wajue nani alilowa.

Nina sharti moja. Useme mwenyewe, kwa mdomo wako. Akisoma mtu mwingine, yatakuwa mashtaka. Na wanao wajue mapema, wasishtukie mbele ya wageni. Halafu, mama, umeniacha njiani: jiko liliezekwa lini, na nani? Kama alirudi akapanda juu yeye na misumari yake, malizia hapo. Kama uliuza mbuzi wako ukamlipa fundi mwingine, basi sema hivyo hivyo.

Wasifu wa wanao usiutupe. Ufupishwe uwe nusu ukurasa, maana wenzake wa kiwandani nao watataka kumsikia wanayemfahamu. Baba yangu mimi alizikwa kwa wasifu wa kurasa tatu, na mwaka wa kila uhamisho. Hakuna aliyesema kwamba tangu mama avunjike nyonga, uji wa nyumba nzima alikoroga yeye alfajiri. Nilikaa mstari wa pili nikiusubiri huo uji. Haukuja.

Yai mwachie yule mtoto alisimulie, kama bado yupo usharikani. Nanyi wengine mpeane dakika tano tano, vinginevyo wale wa "nami niseme machache" watawafikisha magharibi na chakula kimepoa.

Mchungaji akisita kuhusu mambo ya jikoni na misumari, mkumbushe Matendo 9. Dorkasi alipofariki kule Yafa, wajane hawakumsomea Petro vyeo vya marehemu. Walisimama wakilia, wakimwonyesha kanzu na nguo alizowashonea. Wewe una koti. Litundike kwenye kiti pembeni ya picha yake, na kama mfukoni kuna msumari umebaki, uache humo humo.

Na usilifue kwanza.