Maabara inasema dawa inaua, mbona homa inarudi?

Pole sana ndugu kwa kuuguza. Umeuliza inakuwaje mkojo wa mzee umeoteshwa (bakteria wake wamekuzwa maabara na kujaribiwa dawa), majibu yanaonyesha bakteria wanakufa kwa dawa anayotumia, halafu homa inarudi kila dozi ikiisha. Mimi naushuku ule mpira wa mkojo aliowekewa hospitalini.

Maabara hupima bakteria wanaoelea. Kwenye mpira hawaelei: wananata ukutani, wanatoa ute wa sukari, protini na hata DNA, kisha wanajifunika humo. Pitisha kidole ndani ya ndoo iliyokaa na maji siku nyingi. Ule utelezi ni utando wa namna hiyo hiyo. Humo bakteria wanaweza kustahimili dawa hata mara 1,000 kuliko walio huru. Dawa nyingine hupenya kwa shida, ndiyo, ila kubwa zaidi ni kwamba wa chini kabisa wamelala, hawakui wala hawagawanyiki. Dawa za jamii ya penisilini humvamia bakteria anapojenga ukuta wake. Aliyelala hajengi. Dozi ikiisha, anaamka.

Huu bado si usugu wa kurithi, ingawa walivyobanana humo hupeana vinasaba vya usugu kirahisi, na hilo ndilo linalonitisha.

Mwulize daktari mpira una siku ngapi. Ukizidi wiki 2 na maambukizi yapo, huondolewa au hubadilishwa, na mkojo wa kuotesha huchukuliwa kwenye mpira mpya. Tafadhali usiuvute mwenyewe, una puto lililojazwa maji ndani ya kibofu.