Shamba lilelile, misindano kwa mara ya tatu

Misindano, yaani paini, ya kwanza kwenye shamba letu la Mufindi aliipanda baba mwaka 1994, palipokuwa nyasi tupu. Ilikua bila kubembelezwa. Ya pili nikapanda mimi. Ya tatu, ya baada ya mavuno ya 2021, ndiyo iliyonitia adabu: mwaka wa pili miche ilikuwa bado inanifika magotini, imepauka, ncha za sindano zimeingia njano. Nikamlaumu aliyeniuzia mbegu. Bahati mbaya kwangu, jirani niliyegawana naye mfuko huohuo alipanda kwenye shamba jipya, na miti yake ilikuwa inampita kimo.

Kosa nililifanya siku ya kuvuna. Ding-dong, ile mashine ya kupasulia mbao shambani, ilipomaliza kupasua magogo, mabanzi nikayauza kuni, matawi nikayakusanya nikayatia moto, shamba likabaki jeupe kama uwanja wa mpira. Nikajisifu. Kumbe mbao yenyewe haina virutubisho vingi. Vingi vimo kwenye sindano, vitawi na magome, na kalsiamu hasa ndiyo iko kwenye magome. Niliuza chokaa ya shamba kwa bei ya kuni. Naitrojeni ikaondoka na moshi, majivu yakashuka bondeni na mvua ya kwanza.

Nilipopeleka udongo kupimwa, pH, kipimo cha uchachu ambacho namba ikishuka uchachu umezidi, ilikuwa 4.4. Msindano haukimbii uchachu, kwenye 5 na kitu unakaa vizuri tu. Lakini mzizi unapovuta kalsiamu, magnesiamu na potasiamu, huachia tindikali badala yake. Ukibeba mavuno mara mbili bila kurudisha kitu, tindikali ndiyo inayobaki. Udongo ukiwa mchachu namna hiyo, aluminiamu iliyolala kwenye ardhi yetu nyekundu huyeyuka na kudumaza ncha za mizizi, na fosforasi hushikwa isinyonyeke. Mti mkubwa unavumilia. Mche wa sentimita 20 utavumilia kwa mizizi ipi?

Hii haimaanishi tuache misindano. Kule Usutu, Eswatini, msindano wa aina ya Pinus patula umerudiwa mizunguko kadhaa, na sehemu kubwa ya msitu ukuaji haukushuka. Ulishuka kwenye eneo dogo lenye upungufu wa fosforasi. Australia Kusini, kwenye ardhi ya mchanga, mzunguko wa pili ulidorora kweli, na sehemu ya dawa ilikuwa kuacha kuchoma matawi.

Kwa hiyo kiberiti nimekiweka chini. Matawi nayalaza kwenye mistari katikati ya mistari ya mashimo, na barabara ya moto, ule ukanda mtupu wa kuzuia moto usivuke, naisafisha mapema kabla ya Julai, maana matawi makavu si mchezo. Mabanzi nayaacha yakauke, magome yakiachia nayarudisha shambani, ndipo nauza. Vumbi la mbao usilifukie bichi kwenye shimo. Nilijaribu, vijidudu vinavyoliozesha vilinyang'anya mche naitrojeni, ukawa njano zaidi. Kwenye mashimo ya kuziba mapengo nilitia kiganja cha mbolea ya fosfeti ya Minjingu, ambayo huyeyuka vizuri kwenye udongo mchachu na ina kalsiamu yake pia.

Kitaluni mambo hugeuka. Watu wanachanganya majivu kwenye viriba wakidhani wanasaidia, kumbe pH ikipanda kinyausi, ugonjwa wa kuozesha miche michanga, hupata nafasi na miche ya misindano inaanguka shingoni. Mimi naweka udongo wa chini ya misindano mikubwa, ule wenye nyuzi nyeupe za kuvu. Nyuzi hizo ndizo zinazoutafutia mzizi fosforasi.

Nimalizie na maotea, yaani miche inayojiotea yenyewe, maana nilipoteza miaka nikidhani udongo ndio unayakataa. Chini ya miti yangu ya mpakani hayaoti, lakini kwenye ukingo wa barabara uliochongwa na greda yamejazana, na udongo wa pale ni wa aina ileile, tena maskini zaidi. Tofauti ni zulia la sindano: mbegu inaota juu yake, jua linatoka siku tatu, mzizi unakauka kabla haujagusa ardhi. Novemba iliyopita niliparua vipande vya upana wa jembe mpaka udongo ukaonekana. Kufikia Februari kila kipande kilikuwa na miche mitano, sita. Nimebakiza mmoja mmoja, ile mingine nimeihamishia kwenye viriba.